Ulizeni kabla mkataba haujasainiwa

Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana habari za mchana. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtendaji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wenyeviti wa vitongoji mliochaguliwa Novemba 2024, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Najua mama lishe wameacha vyungu jikoni na bodaboda wameacha abiria kijiweni, kwahiyo sitazunguka sana.

Mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji, sio hapa, kule nilikotoka, na kazi ya mtendaji wote mnaijua, ndo katibu wa vikao, ndo anaandika muhtasari, ndo anafunga faili na kulipeleka kwa mtendaji kata. Ninayoyasema leo nimeyashika kwa mikono yangu.

Jambo langu ni moja tu. Watu wa hapa tunajua kuuliza, tena tunauliza vizuri, ila tunauliza wakati jibu haliwezi tena kubadilisha kitu. Tunauliza darasa likishapata ufa, tunauliza mnara wa simu ukishasimama, tunauliza faini wakati mbuzi wako ameshafungwa nyumbani kwa kiongozi na unaambiwa lete elfu kadhaa ndo umchukue. Wakati wa kuuliza ni kabla ya sahihi na kabla ya muhuri. Baada ya hapo unakuwa mlalamikaji tu, utazungushwa wilayani ofisi hii na ile mpaka uchoke.

Angalieni hapa tulipo. Kwenye makaratasi sisi bado ni kijiji lakini mtu akishuka kwenye basi pale njia panda anaona mji, kuna stendi, soko, gesti, hadiwea, mawakala wa pesa wamepanga meza mpaka barabarani. Kila mwenye biashara anatafuta eneo, huyu anataka pa kuweka mnara, yule anataka kuchimba kokoto, mwingine anataka apewe choo cha stendi akiendeshe. Hiyo yote ni mikataba, na kila mkataba unamfunga mtoto wako ambaye leo yuko darasa la pili. Huko mbele tunaweza kuwa mamlaka ya mji mdogo kama Mirerani, Kibaigwa au Himo, na mnajua mji mdogo unaendeshwaje, kijiji kinaondoka vinabaki vitongoji, wenyeviti wa vitongoji ndo wanakaa kikao cha mamlaka na kumchagua mmoja wao awe mwenyekiti. Mkutano mkuu wa kijiji kama huu wa leo hautakuwepo tena. Sasa kama tumeshindwa kuutumia wakati upo, tutajifunzia wapi kuisimamia serikali yetu?

Na huu mkutano jamani si mdogo. Wazee mnakumbuka 1972 serikali za mitaa zilifutwa ikaja madaraka mikoani, yaani mikoa na wilaya zikaendeshwa na maofisa wa serikali kuu. 1975 ikapita sheria ya vijiji, kijiji kikawa na mkutano mkuu wake na halmashauri yake. Halmashauri za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Kwahiyo mkutano mkuu wa kijiji kwa umri umezitangulia hizi halmashauri za wilaya tulizonazo leo. Na Sheria ya Serikali za Mitaa, ile ya Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya 1982, inasema mkutano mkuu ndo chombo cha juu kabisa cha kijiji kwenye mambo yote ya sera. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Huombi kadi, hulipi kiingilio, hata kama umehamia juzi kufungua saluni, ukishakuwa mkazi wewe ni mjumbe. Halmashauri ya kijiji ni watu kuanzia 15 mpaka 25, wanawake wasipungue robo, na hao tumewatuma sisi. Hata Katiba ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano huu unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Mapato, na matumizi. Kuna sehemu wanasoma matumizi tu, mapato wanasema "kama mnavyojua", hapana, hatujui, tusomeeni.

Nije kwenye karatasi sasa, maana serikali ya kijiji inaishi kwenye karatasi na karatasi ndo inatuumiza.

Nikiwa kazini niliwahi kuletewa muhtasari wa kikao cha kugawa eneo kubwa la kijiji. Umechapwa vizuri, una muhuri, nyuma kuna orodha ya mahudhurio kurasa mbili. Nikazitazama zile kurasa taratibu. Ya kwanza ilikuwa na sahihi za kweli, watu ninaowajua, ila kule juu panapoandikwa tarehe na ajenda palikuwa peupe, na ukiiweka karatasi kwenye mwanga unaona kivuli cha mkunjo, yaani kuna mtu aliikunja wakati wa kutoa kopi ili kichwa cha kikao kingine kisionekane. Watu wale walisaini siku ya kugawiwa vyandarua. Ya pili ilikuwa mwandiko mmoja kuanzia juu mpaka chini, peni moja ya bluu, sahihi zote zina mkia unaopinda upande mmoja, na katikati kuna jina la bibi mmoja ambaye maisha yake yote anaweka dole gumba, pale amepewa sahihi ya kuunganisha utadhani karani wa benki. Nilikataa kuweka muhuri wangu kwenye barua ya kulisindikiza lile faili, na nilichukiwa sana kwa hilo, lakini eneo lile halikwenda.

Kwahiyo naomba tukubaliane. Orodha ya mahudhurio isizungushwe kabla haijaandikwa juu tarehe, mahali na ajenda zote. Jina la mwisho likishaandikwa upigwe mstari chini yake, mwenyekiti na mtu mmoja wa kutoka kwa wananchi wasaini kwenye ule mstari. Ni kazi ya dakika moja na mnaweza kuipiga picha na simu hapohapo, kila mtu ana simu siku hizi.

Muhtasari wa mkutano uliopita usomwe wote, tuuthibitishe, ndo tuingie kwenye yatokanayo. Msikubali kuambiwa muda umeenda tuuchukulie umesomwa. Pale kwenye yatokanayo ndo unamkuta mtu aliyeahidi miezi mitatu iliyopita kuleta taarifa ya fedha za soko na hajaleta, ukiruka hapo umemsamehe bila kujua.

Halafu kuna kitu kinaitwa mengineyo. Wenyeviti mnisamehe lakini nitalisema. Mengineyo ni ya matangazo, mtu amepotelewa ng'ombe, kuna msiba, chanjo ya mifugo ni Alhamisi. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kuona jinsi mkataba unavyopitishwa kwenye mengineyo, saa kumi na mbili inagonga, akina mama wameshaondoka kuwahi kupika, wamebaki watu wachache pembeni wanaongea mpira, mwenyekiti anasema kuna mwekezaji anataka kaeneo, ni mambo ya maendeleo, tunakubaliana au hatukubaliani? Wachache wanaitikia ndioo. Kesho yake muhtasari unasema mkutano mkuu uliridhia kwa kauli moja. Jambo lolote la ardhi, pesa au mkataba likija kwenye mengineyo, simama useme hili liwe ajenda ya mkutano ujao na karatasi zake zibandikwe ubaoni kabla. Sema kwa heshima, ila usikae mpaka mtendaji ameliandika.

Kwenye ardhi ndo mna nguvu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kabla. Sio wanagawa halafu wanakuja kutupa taarifa.

Sasa majengo. Madarasa na zahanati nyingi siku hizi zinajengwa kwa fosi akaunti, pesa inashuka kwenye akaunti ya shule au kituo, hakuna mkandarasi mkubwa, tunanunua vifaa wenyewe na fundi tunampa kazi ya ufundi. Mtakumbuka madarasa ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, kila darasa lilikuwa shilingi milioni 20, yalijengwa 15,000 nchi nzima, karibu kila mtu hapa anajua shule iliyopata. Kwenye utaratibu huo kunakuwa na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Watu wanagombania ya manunuzi. Ya mapokezi hakuna anayeitaka, unakuta wamemuweka mzee wa watu anaitwa tu kusaini. Mimi nawaambia kamati ya mapokezi ndo mlango wa mwisho, yule akisaini kwamba vimefika basi kiserikali vimefika hata kama havipo.

Mjumbe wa mapokezi akienda kupokea awe na BOQ mkononi, ule mchanganuo wa vifaa na bei. Imeandikwa nondo za milimita 12, zikishushwa za milimita 10 kwa macho ukiwa umesimama mbali huwezi kuziona tofauti, mpaka upime. Saruji ihesabiwe ikishuka, sio ikiwa imeshapangwa stoo maana ukipanga kwa nje katikati panaweza kuwa patupu. Mchanga na kokoto angalia lori lenyewe limejaa kiasi gani. Andika kwenye leja siku hiyohiyo, na kama kuna pungufu andika pungufu, usisaini kwa ahadi kwamba vilivyobaki vitaletwa kesho. Gari likija usiku likatae, lilale hapo mlinzi alinde, asubuhi mshushe watu wakiona. Niliyoyaona yakienda vibaya mengi yalianzia kwenye mzigo uliopokelewa na tochi.

Na fundi naye awe na mkataba ulioandikwa hata kama ni ukurasa mmoja. Kazi gani, bei gani, anaanza lini anamaliza lini, analipwa akifika wapi, msingi, lenta, kupaua, lipu, na kiasi fulani kibaki mpaka jengo likaguliwe. Fundi aliyelipwa yote kwenye lenta mnamjua, simu haipatikani.

Manunuzi ya umma sasa yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa NeST, unaosimamiwa na PPRA, mamlaka ya kudhibiti manunuzi ya umma, ulianza 2023 ukachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS. Vijana na akina mama hapa kuna pesa inawapita, sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, ila lazima kikundi chenu kiwe kimesajiliwa na kipo kwenye mfumo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwaelekeza, mfuateni, mwambieni mnataka kuingia NeST.

Mikataba ya kukodisha ndo inaniumiza roho zaidi. Darasa likiharibika unalirudia, mkataba wa miaka 20 unakufunga. Maswali ya kuuliza hayahitaji uwe mwanasheria. Nani anasaini kwa niaba ya kijiji na alitumwa na kikao gani? Ni wa miaka mingapi? Kodi itapanda lini, au itabaki ileile mpaka soda ifike elfu tano? Pesa inaingia akaunti gani, na inalipwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, au anapewa mtu mkononi? Kampuni ikiuza biashara yake, kodi tutamdai nani, wa zamani au aliyenunua? Sisi tukitaka kuvunja tunafanyaje, wao wakitaka kuvunja wanaacha shimo la kokoto wazi au wanalifukia? Na kama kuna mjumbe ndugu yake ndo mwenye kampuni aseme mbele ya kikao kisha atoke nje wakati wa kuamua, sio dhambi kuwa na ndugu mwenye kampuni, tatizo ni kukaa kimya.

Lingine ni lugha. Nimeona kijiji kimesaini mkataba wa Kiingereza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mwenyekiti anasoma jina lake tu na mahali pa kuweka sahihi. Tangu 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha ya mahakama ni Kiswahili, iweje mkataba wa shamba la babu zetu uwe kwa lugha ambayo hatuisomi? Waambieni walete cha Kiswahili, kisomwe hapa kifungu kwa kifungu na kikae siku kadhaa ubaoni. Halafu kipelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya, yupo, analipwa na serikali, hiyo ni kazi yake. Mwekezaji wa kweli atasubiri.

Niseme pia upande wa viongozi maana sijaja kuwapiga. Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Anaamshwa usiku wagomvi wamekatana mapanga, anasuluhisha mashamba, anatumia vocha yake kuita watu kwenye msaragambo, zile kazi za pamoja za kijiji. Tukimuacha peke yake na mtu aliyekuja na gari na bahasha tumemtega. Kikao kilichojaa watu kinamlinda, anaweza kumwambia yule mtu wananchi wangu wamekataa, na ana muhtasari wa kumuonyesha.

Sheria ndogo nitazipitia haraka. Kijiji kinaweza kutunga sheria zake, za usafi, mifugo kuzurura, vyanzo vya maji, muda wa kufungua vilabu. Utaratibu ni kwamba halmashauri ya kijiji inapendekeza, inaitisha mkutano mkuu wananchi watoe maoni, halafu inapelekwa halmashauri ya wilaya, madiwani wakiipitisha ndo inakuwa sheria. Ikikosa hiyo hatua ya mwisho ni pendekezo tu, haiwezi kumfunga mtu. Sasa hapa mbuzi wanakamatwa na watu wanatozwa, mimi nilichouliza ni kimoja, nakala ya sheria yenyewe iliyopitishwa iko wapi? Inawezekana ipo kwenye faili, kama ipo itolewe ibandikwe. Kama haipo mchakato uanze upya, na mimi nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono kwa sababu hao mbuzi wamemaliza michongoma ya shule. Na anayetozwa apewe risiti ya mashine au alipe kwa kontroo namba, kipande cha daftari sio risiti.

Mjue pia sheria yetu ndogo haiwezi kupingana na ya juu. Tangu bajeti ya 2017/18 serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mtu anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mama amebeba magunia mawili ya mahindi anampelekea mwanae wilaya ya jirani, kwenye kizuizi cha ushuru anadaiwa, hana pa kusemea. Aseme hapa, kwenye mkutano, iandikwe kwenye muhtasari na jina la kizuizi.

Mtu akiniambia ofisi imekataa kumuonyesha karatasi namwambia aandike barua. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia anaomba taarifa kwenye ofisi ya umma na anatakiwa kujibiwa ndani ya siku 30. Andika unataka nini hasa, mkataba wa eneo la soko, au taarifa ya mapato ya robo iliyopita, usiandike "naomba kujua mambo ya kijiji". Toa kopi, peleka zote mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Hiyo kopi yenye muhuri ndo ya kwenda nayo kata au wilaya.

Mwenyekiti naona unaangalia saa, namalizia. Mnajua wote kuna maombi ya eneo la kokoto kule mlimani na kuna rasimu ya mkataba imeshaletwa ofisini. Naomba mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari wa leo kabla hatujafunga. Rasimu ibandikwe ubaoni ikiwa kwa Kiswahili kuanzia Jumatatu, kurasa zote. Kila mwenyekiti wa kitongoji aitishe watu wake waisome, wasiojua kusoma wasomewe, na maswali yao yaletwe kwa maandishi kwa mtendaji. Na kwenye mkutano wa robo ijayo hiyo iwe ajenda ya kwanza baada ya yatokanayo, saa tano asubuhi akina mama wakiwa bado wapo, mwenye kampuni awepo mwenyewe ajibu. Mtendaji, kama umeshaandika naomba utusomee hayo matatu tusikie.